Kabla ya kung'oa vigae vya zamani, piga hesabu ya kahawa

MSIMU wa kahawa unapomalizika mkoani Kagera, nyumba nyingi za Bukoba na Muleba huingia kwenye matengenezo. Fedha za chama cha msingi zikishapokelewa, ada za shule zikishalipwa na madeni ya dukani yakishafutwa, kinachofuata ni nyumba. Zamani mazungumzo yalikuwa bati na madirisha. Siku hizi ni sakafu.

Zipo sebule nyingi, kuanzia Kashai na Hamugembe mjini Bukoba hadi Kamachumu na Nshamba wilayani Muleba, zenye vigae ambavyo mafundi huviita tailizi, vilivyowekwa miaka mingi iliyopita. Vimepoteza mng'aro, maungio yake yamekuwa meusi, na hapa na pale kipo kilichopasuka. Fundi akiitwa kutazama, mara nyingi jibu lake ni moja tu: vyote ving'olewe na viwekwe vipya.

Ipo njia ya pili, nayo ni kupaka rangi juu ya vigae hivyo hivyo na kuvipamba kwa stensili, yaani karatasi ngumu au plastiki iliyokatwa maumbo, ambayo rangi hupitishwa kwenye matundu yake na kuacha mchoro chini. Njia hii ni ya siku nyingi. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19, familia zisizo na uwezo wa kununua zulia zilipaka rangi sakafu zao za mbao na kuzichora kwa stensili ili zifanane na zulia.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo, hata hivyo, swali la kwanza si uzuri. Ni kiasi gani cha fedha ya msimu kinastahili kwenda chini ya miguu, na kiasi gani kirudi shambani au dukani.

Hesabu ya chumba kimoja

Tuchukue sebule ya mita 4 kwa 4, yaani mita za mraba 16. Kwa vigae vya sentimita 30 kwa 30 zinahitajika vipande 178, na ukiongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kuvunjika na kukata, vinafika 196. Mzigo huo una uzito wa karibu kilo 250 hadi 300. Viwanda vikubwa vya vigae nchini viko mkoani Pwani, huko Chalinze na Mkuranga, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Bukoba. Kwa hiyo bei anayolipa mkazi wa Kagera ina ndani yake nauli ya lori, na kwa wa vijijini huongezeka nauli ya gari dogo la kupanda vilima. Bado haijahesabiwa gundi ya vigae, saruji, kazi ya kuvunja na kubeba kifusi.

Kwa upande wa rangi, lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Chumba hicho kitahitaji kama lita moja na nusu ya praima, lita tatu za rangi kwa mikono miwili, chini ya lita moja ya rangi ya maua, na lita tatu za vanishi kwa mikono miwili. Mzigo wote huo hubebwa na bodaboda mmoja.

Bei hubadilika kila msimu, hivyo tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha namna ya kukokotoa tu, na kila mtu aweke za kwake. Tuseme kubadilisha vigae kunagharimu Sh40,000 kwa mita ya mraba pamoja na kila kitu, na kupaka rangi Sh12,000. Chumba kizima kitakuwa Sh640,000 kwa vigae vipya na Sh192,000 kwa rangi. Kama kilo ya kahawa inauzwa Sh4,000, vigae ni kilo 160 na rangi ni kilo 48. Tofauti ni kilo 112 za kahawa, au Sh448,000.

Hapo ndipo wengi huishia na kusema rangi ni nafuu. Lakini hesabu haijakamilika. Vigae vilivyowekwa vizuri vinaweza kukaa miaka 20, ambapo gharama yake ni Sh32,000 kwa mwaka. Rangi ikidumu miaka minne, gharama yake ni Sh48,000 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, ukitazama mwaka kwa mwaka, rangi ndiyo ghali. Ili ilingane na vigae katika mfano huu, inabidi idumu miaka sita.

Faida ya rangi iko kwenye zile Sh448,000 zilizobaki mkononi leo. Kama mwenye nyumba angelazimika kuzikopa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba ya mwaka mmoja peke yake ingekuwa Sh80,640, mara tano ya ile tofauti ya Sh16,000 kati ya rangi na vigae. Na kama zitanunua miche bora, samadi na nguvu kazi ya kuweka matandazo, zitaanza kurudisha chochote. Ekari moja ya kahawa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 huchukua takriban miche 450. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kilichopo Maruku, nje kidogo ya Bukoba, kimekuwa kikieneza miche ya robusta inayostahimili mnyauko fuzari, ugonjwa uliokwisha kuangamiza mibuni mingi ya Kagera. Mbuni uliopandwa leo huanza kutoa mavuno ya maana baada ya karibu miaka mitatu, yaani kabla rangi ya sakafu haijahitaji kurudiwa.

Kwa hiyo sharti la kwanza la kupaka rangi si la fundi bali la mwenye fedha. Kama fedha iliyookolewa ina kazi inayojulikana, rangi ni uamuzi mzuri. Kama itaishia kwenye lubisi na michango ya sherehe, ni afadhali iwekwe kwenye vigae, kwa sababu angalau vitakuwepo miaka 20.

Historia nayo inafundisha tahadhari. Baridi kali iliyounguza mashamba ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani mwaka 1976 na 1977. Mwaka 1989 mfumo wa mgawo wa mauzo chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, na bei zikaporomoka. Aliyezika fedha zote za mwaka mzuri kwenye jengo hakuwa na kitu cha kulihudumia shamba mwaka mbaya ulipofika.

Kagua kwanza sakafu

Si kila sakafu inapokea rangi. Ukaguzi wake hauhitaji mtaalamu wala fedha, bali siku mbili za subira.

Kwanza, gonga kila kigae kwa mpini wa kisu au sarafu. Kinachotoa sauti nzito kimeshika. Kinacholia kama debe tupu kimeachana na saruji iliyo chini yake, na kikikanyagwa kitatikisika mpaka rangi ipasuke. Vichache vya namna hiyo hung'olewa na kubandikwa upya. Vikizidi robo ya chumba, rangi haitasaidia.

Pili, tazama nyufa. Tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua zaidi ya watu 15 mkoani Kagera na kuharibu maelfu ya nyumba. Zipo nyumba zilizobaki zimesimama lakini zikiwa na nyufa kwenye kuta na sakafu. Ufa unaopita kigae kimoja ni wa kigae. Ufa unaokata vigae vingi kwa mstari mmoja na kupanda ukutani ni wa msingi, na huo aitwe fundi wa majengo kabla ya fundi rangi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuupaka rangi si kuuziba.

Tatu, dondosha tone la maji juu ya kigae. Likisimama kama umande, kigae kina uso wa kioo na hakitashika rangi bila kukwaruzwa na kupakwa praima ya kushikiza. Likinywewa ndani ya dakika chache, kigae hakina uso huo, kama vile vya saruji au vya udongo usiong'arishwa, na rangi itaingia kwa urahisi zaidi. Kipimo hicho hicho kinafaa pia kwa sakafu ya niru, ambayo ndiyo iliyo kwenye nyumba nyingi zaidi vijijini.

Unyevu ndio adui

Kagera si Dodoma. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ziwa liko jirani, na nyumba nyingi za zamani zilimwagwa zege bila kutandikwa nailoni chini yake. Maji ya ardhini hupanda polepole kupitia zege. Kigae chenye uso wa kioo huyazuia, lakini maungio huyapitisha. Rangi ikifunika maungio hayo, maji husukuma kutoka chini na kuibandua kama ganda la ndizi iliyoiva.

Kipimo chake ni rahisi. Kata kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, kitandaze juu ya sakafu kikiwa kimefunika maungio, kisha ubandike kingo zote kwa gundi ya utepe. Kiache usiku na mchana. Ukikifunua na kukuta matone upande wa chini, au maungio yamebadilika rangi, sakafu ina maji. Unga mweupe kama chumvi kwenye maungio ni dalili hiyo hiyo. Sakafu ya namna hii isipakwe hadi mfereji wa maji ya paa urekebishwe, au kiambazi cha nje kichimbiwe njia ya maji, na kipimo kirudiwe.

Wakati nao una nafasi yake. Mvua kubwa za Kagera huja kati ya Machi na Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo mikavu zaidi, ikifuatiwa na kipindi kifupi cha Januari na Februari. Familia nyingi hupaka rangi Desemba ili watoto wanaotoka Dar es Salaam na Mwanza kwa ajili ya Krismasi waikute nyumba ikiwa mpya. Huo ni mwezi wa mvua. Anayepokea malipo yake ya kahawa mwishoni mwa mwaka ni heri anunue vifaa, avihifadhi, na kazi aifanye Januari.

Maandalizi ni nusu ya kazi

Rangi inayobanduka ndani ya miezi michache kwa kawaida haikuharibiwa na kiwanda. Iliharibiwa na mafuta, nta na vumbi vilivyokuwa chini yake.

Sakafu zilizosuguliwa kwa polishi miaka mingi zina tabaka la nta ambalo rangi haiwezi kulishika. Nta hiyo huondolewa kwa kitambaa chenye tapentaini, madirisha yakiwa wazi na jiko likiwa mbali. Wapo wanaotumia petroli kwa kuwa inapatikana kirahisi. Hiyo ni hatari ya moto na isitumike ndani ya nyumba. Baada ya nta, sakafu husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga, maungio yakichokolewa kwa mswaki mkuukuu, kisha husuuzwa mara mbili. Sabuni iliyobaki ni adui kama mafuta. Madoa meusi ya utomvu wa ndizi, ambayo hayakosekani kwenye nyumba za Bukoba na Muleba, yakishindwa kutoka yaachwe, praima itayafunika.

Hatua inayofuata ni msasa. Lengo si kuondoa kigae, ni kuua mng'aro wake mpaka uonekane umefifia. Msasa wa maji unafaa zaidi kwa sababu hautoi vumbi. Hili ni muhimu hasa kama sakafu ilikwisha kupakwa rangi ya mafuta miaka ya nyuma. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto na mama wajawazito waondoke kwenye nyumba wakati wa kazi hiyo, na matope yake yakusanywe, yasimwagwe bustanini.

Baada ya sakafu kukauka siku mbili au zaidi, hupakwa praima ya kushikiza, kisha mikono miwili miembamba ya rangi ya sakafu. Rangi ya maji ya ukutani haifai hata ikiwa nafuu kiasi gani, kwa sababu haikutengenezwa kustahimili kukanyagwa. Rangi ya epoksi, inayochanganywa na hadina kabla ya kupakwa, ndiyo ngumu kuliko zote, lakini ikishachanganywa haina budi kutumika ndani ya muda mfupi ulioandikwa kwenye kopo. Anayetumia nyingine huhitaji vanishi juu yake. Mkono mmoja mzito si sawa na miwili miembamba: ule mzito hukauka juu na kubaki mbichi ndani.

Maua ya sakafu

Stensili si lazima inunuliwe. Filamu ya zamani ya eksirei, jalada la plastiki la faili au kalenda ya plastiki hufaa vizuri. Mchoro huchorwa kwa kalamu, kisha hukatwa kwa wembe juu ya kioo. Ukubwa wake ulingane na kigae kimoja, kwani hapo maungio yenyewe ndiyo yanakuwa rula. Zikatwe mbili zinazofanana, ili moja ikisafishwa nyingine iendelee.

Kazi huanzia katikati ya chumba na kuelekea mlangoni. Katikati hupatikana kwa kuvuta kamba mbili zilizopakwa chaki kutoka pembe hadi pembe. Sponji ichovywe kidogo tu na kukamuliwa kwenye karatasi hadi iwe karibu kavu, kisha igongwegongwe, isivutwe. Rangi ikiwa nyingi hupenya chini ya stensili na kuchafua kingo. Mchoro wa kwanza ujaribiwe kwenye kigae kimoja kilicho chini ya kabati.

Kuhusu maumbo, hakuna haja ya kuiga zulia la ng'ambo. Wanawake wa Kihaya wamesuka mikeka na vikapu vyenye miraba na mistari tangu zamani. Ng'ambo ya mto Kagera, eneo la Nyakarambi kwenye barabara ya kwenda Rusumo nchini Rwanda, wanawake wa ushirika hutengeneza imigongo, michoro ya pembe na mistari inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kisha kupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Sanaa hiyo ilikuwa mapambo ya ndani ya nyumba, na sasa huuzwa kwa watalii. Maumbo ya pembe tatu na msambamba ni rahisi kukata kwa wembe kuliko maua ya mviringo, na rangi mbili au tatu hupunguza idadi ya makopo.

Baada ya maua kukauka usiku mzima, hupakwa vanishi mikono miwili. Vanishi ya mafuta hugeuka njano juu ya rangi nyeupe, hivyo ya maji ni bora hapo. Karibu na mlango, mchanga laini uliochekechwa hunyunyizwa kidogo kwenye mkono wa mwisho ili wazee wasiteleze. Kuingia kwa soksi kunawezekana kesho yake, lakini kabati na meza zirudi baada ya wiki moja, na kupiga deki kusubiri muda huo huo.

Isipofaa

Rangi isipelekwe bafuni, mahali pa kuogea wala jikoni kwenye maji ya kila siku. Duka lenye wateja wengi pia si mahali pake. Mchanga unaoingia na viatu hufanya kazi ya msasa, na njia ya kutoka mlangoni hadi kaunta itaonekana mapema. Mwenye duka anayetaka sura mpya apake pembeni na kuacha njia, au aweke vigae vipya kwenye njia hiyo pekee. Kwa chumba cha kupangisha, chumba cha wageni, saluni ndogo au sebule ya nyumbani, rangi inatosha, mradi liwepo zulia la kufutia miguu nje na jingine ndani.

Kazi kwa vijana

Upakaji rangi na uandishi wa mabango ni miongoni mwa fani zinazofundishwa na VETA, na kijana anayejua kuandika bango anajua tayari kukata stensili. Vifaa vya kuanzia ni vichache: rola, brashi, msasa, sponji na wembe. Kinachomwangusha wengi ni bei. Fundi anayetaja bei moja kwa chumba kizima hujikuta akiruka maandalizi ili asipate hasara. Ni bora atenganishe bei ya kusafisha na kusugua, bei ya rangi, na bei ya maua, zote kwa mita ya mraba, na ziandikwe kwenye karatasi yenye sahihi mbili. Mwenye nyumba naye asikubali kopo lifunguliwe kabla ya kuona kipimo cha nailoni kimefanywa.

Kwa anayesubiri malipo ya msimu, maandalizi yanaweza kuanza leo bila senti. Agonge vigae, atandaze nailoni, apime chumba na kuulizia bei mbili, ya vigae na ya rangi, kisha azigeuze zote kuwa kilo za kahawa. Na kando ya jibu la pili aandike kilo zilizobaki zitafanya kazi gani.